Usichana Katika Pwani ya Waswahili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wanaoandika kazi za shule, wazazi wenye mabinti, na vijana waliokulia mjini ambao wamesikia maneno kama kigori, kungwi na mwari bila kupata mtu wa kukaa nao akawaeleza. Majibu yanatazama zaidi pwani ya Tanzania na Kenya pamoja na visiwa vyake. Bara imeingia pale ambapo sheria au shule ilimgusa msichana yeyote, awe wa Newala au wa Tarime.

Zamani msichana alianza lini kuhesabiwa kuwa msichana?

Miaka haikuwa kipimo. Familia nyingi hazikuandika tarehe ya kuzaliwa, na mama angekwambia tu kwamba mwanawe alizaliwa mwaka wa njaa fulani au mwanzo wa kaskazi. Kilichotazamwa ni mwili na mwenendo. Mtoto wa kike alikuwa mtoto tu, akicheza uani na kaka zake, mpaka kifua kilipoanza kuchomoza. Hapo akawa kigori, na macho ya watu yakabadilika: akakatazwa kupanda miembe, akaambiwa akae vizuri, akapewa kanga ya kujitanda kila alipotumwa dukani. Siku alipovunja ungo, yaani alipopata hedhi ya kwanza, akawa mwari, na hapo shughuli zikaanza.

Kati ya siku hiyo na siku ya kuolewa palikuwa na kipindi. Kwa wengine kilikuwa cha miezi, kwa wengine cha miaka. Kina walimu wake, nyimbo zake, vyakula vyake na miiko yake. Sisemi kwamba kilikuwa kizuri chote, maana wengi walikiishi kama kifungo. Lakini jamii ilikubali kwamba msichana si mtoto tena na bado si mke, na kwamba anastahili muda wa kufundishwa. Ukitazama vizuri mambo mengi yanayotuumiza leo, utaona kwamba kilichoharibika ni muda huo. Umefupishwa, na kwingine umefutwa kabisa.

Unyago ni nini hasa?

Ni mafunzo ya mwari, yakiambatana na ngoma. Wazaramo, Wamakonde, Wayao, Wamakua, Wangindo, Waluguru na wengine wengi wanayo, kila kabila na taratibu zake, na Unguja nako yalishamiri miongoni mwa watu wenye asili ya bara. Mwalimu ni kungwi au somo, mwanamke mzima ambaye si mama mzazi wa msichana. Hilo lina sababu. Mama na binti wana haya baina yao, na mambo ya mwili hayasemeki kwa urahisi mbele ya mtu unayemwonea haya. Kungwi huyasema wazi, mengine kwa nyimbo, mengine kwa vitendo na mafumbo, na ngoma ya msondo ikilia nje ili wasiohusika wasisikie.

Mwari hufundishwa namna ya kujiweka safi akiwa mwezini, namna ya kusalimia na kukaa mbele ya wakubwa, kutunza siri za nyumba, kuishi na wakwe, na mambo ya chumbani. Hayo ya mwisho ndiyo watu wa nje huyasimulia sana, lakini ni sehemu tu ya somo.

Kwa Wazaramo na majirani zao mwari aliwekwa ndani muda mrefu, na humo ndani alipewa mwana hiti. Ni kinyago kidogo cha mti, kinachotosha kushikwa kwa mkono mmoja, hakina mikono wala miguu, ni kiwiliwili cha mviringo na kichwa kilichochongwa nywele zilizogawanyika mafungu mawili. Alikiogesha, akakipaka mafuta, akakilaza kama anavyolazwa mtoto mchanga. Akikizembea, watu wazima waliona ishara mbaya kwa uzazi wake. Mwari alipotoka, alibebwa mabegani akiwa amevikwa kanga mpya na shanga, uso ameuinamisha, na kijiji kizima kikajua kwamba sasa anaposwa. Baadhi ya vinyago hivyo viko katika makumbusho ya Ulaya, vikiwa vimeandikwa jina la kabila bila jina la msichana hata mmoja aliyevilea.

Marehemu Fatuma binti Baraka, tuliyemjua wote kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa mwimbaji wa taarabu na pia mwalimu wa unyago. Watu walioshangilia sauti yake jukwaani mara nyingi hawakujua kwamba ndani ya nyumba za Unguja alikuwa na kazi hiyo nyingine, na pengine aliiheshimu zaidi.

Je, unyago na ukeketaji ni kitu kimoja?

Hapana, na kuvichanganya kunawakosea watu wa pwani na kunawakosea pia wasichana wanaokeketwa, maana msaada hupelekwa kusikohitajika. Unyago wa pwani na kusini mwa Tanzania ni mafundisho na ngoma. Ukeketaji ni kukata mwili, na nchini Tanzania umekita zaidi katika mikoa ya Manyara, Dodoma, Arusha, Mara na Singida. Takwimu za kitaifa zilionyesha asilimia 18 ya wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa wamekeketwa mwaka 1996, na ilipofika utafiti wa 2015–16 ilikuwa asilimia 10. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 imeharamisha kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Kenya ilikwenda mbali zaidi mwaka 2011 kwa sheria inayokataza ukeketaji wa mwanamke wa umri wowote.

Kuna jambo moja linaloudhi: sheria ilipoanza kukaza, baadhi ya familia zilihamishia kisu kwa watoto wachanga, ambao hawawezi kukimbilia nyumba salama wala kuhojiwa na polisi.

Kwa nini siku hizi watoto wa darasa la tatu na la nne wanachezwa ngoma?

Kuchezwa ngoma ni kupitishwa unyago, na hili huulizwa sana na walimu wa Mtwara, Lindi na Pwani. Zamani ngoma ilisubiri mwili wa msichana. Alipovunja ungo, ndipo kungwi akaitwa. Sasa ngoma inasubiri likizo ya shule, yaani Juni au Desemba, na inasubiri pia mavuno ili fedha ipatikane ya pilau, sare za kina mama na spika. Ukiwa na mabinti wawili, mmoja wa miaka 13 na mwingine wa 8, unaona nafuu kuwacheza pamoja ulipe mara moja. Jirani akicheza wanawe kwa shangwe, nawe hutaki kubaki nyuma. Basi mtoto ambaye bado anabadilika meno anaingizwa ndani na kufundishwa mambo ya kumridhisha mume.

Hapa ndipo ninaposema wazi kwamba ni makosa, na wa kwanza kukubali huwa ni makungwi wazee wenyewe. Ukizungumza nao watakwambia kwamba mwari asiyejua hedhi hawezi kuelewa somo la hedhi, na kwamba walipokuwa wao wari, mambo ya chumbani yalifundishwa mara ya pili, siku za karibu na harusi. Somo lilikuwa na ngazi. Ngazi hizo zimeporomoshwa kuwa wiki moja ya likizo. Mbaya zaidi, mtoto aliyechezwa huonekana mtaani kuwa mkubwa. Wanaume wanaanza kumtania kwa maneno ambayo wiki tatu kabla wangeona haya kuyatamka mbele yake.

Njia ipo, na baadhi ya familia zimeshaishika: mtoto anafundishwa usafi na kujilinda anapokaribia umri huo, kwa siku chache na bila kuacha masomo, halafu mafunzo ya ndoa yanaachwa mpaka awe na mchumba na umri wa kuolewa. Kungwi hapotezi kazi yake, anaifanya mara mbili.

Kwa nini wasichana waliwekwa ndani?

Kwa sababu ya heshima ya ukoo, hofu ya mimba, na pia kwa sababu ya cheo. Kumweka binti ndani kulionyesha kwamba baba ana uwezo wa kuishi bila jasho la mtoto huyo. Familia maskini hazikuweza. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, alitembeza vyungu vya kuuza akinadi kwa sauti barabarani, na sauti hiyo ndiyo iliyokuja kusikika kwenye santuri zilizorekodiwa Bombay kuanzia 1928. Binti wa mkubwa wa mji asingeweza kamwe kunadi vyungu. Basi ukisikia mtu anasema kwamba wanawake wa pwani walikaa ndani, muulize ni wa nyumba ipi.

Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, alipovunja ungo aliwekwa ndani, akaolewa akiwa na miaka 14 hivi na mtu aliyemzidi sana umri. Mwaka 1955, akiwa kijana bado, aliwaongoza wanawake wa Dar es Salaam kuingia TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kwa maelfu, akipitia vikundi vya ngoma ambavyo yeye mwenyewe alikuwa akiimba ndani yake. Watu humsifia hilo la pili na kuliruka la kwanza. Mimi naona yote mawili ni maisha ya mtu mmoja: alijua kutoka ndani ni nini.

Wasichana wa zamani walisoma?

Walisoma, ila swali zuri zaidi ni kama waliruhusiwa kuandika.

Katika vyuo vya Kurani vya Lamu, Pate, Mombasa na Unguja, watoto wa kike walikaa na wa kiume wakisoma herufi na kuhitimu. Kusoma Kurani ilikuwa wajibu. Kuandika lilikuwa jambo jingine, maana wazee waliogopa kwamba msichana anayejua kuandika ataandika barua za mapenzi. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, alisimulia jinsi alivyojifunza kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, uliokuwa ukitumika kama ubao, akanakili herufi za Kurani moja moja bila mwalimu. Siri ilipofichuka alilaumiwa, lakini hakuacha. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu za maisha yake. Kwa hiyo simulizi mojawapo ya kina tuliyo nayo kuhusu utoto wa msichana wa Unguja katika karne ya 19 imetoka katika mkono uliokatazwa kuandika.

Upande wa kaskazini, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate aliandika mwaka 1858 utendi wa wasia kwa binti yake. Alikuwa mgonjwa, akijua hatakaa sana, na alifariki karibu miaka miwili baadaye. Wapo wanaousoma utendi huo na kuona utii kwa mume tu. Ndiyo, utii umo, na mwingi. Lakini mtazame mama huyo: anamwita mwanawe aje na wino na karatasi aandike. Yaani anadhani ni jambo la kawaida kabisa binti yake kujua kuandika, katika zama zilezile ambazo binti wa Sultani alikuwa akijificha na mfupa wa ngamia.

Shule za kizungu zilianza na wasichana ambao hawakuwa na baba wa kukataa. Wamisionari wa Kianglikana walifungua shule Mbweni, nje kidogo ya mji wa Unguja, katika miaka ya 1870, kwa ajili ya wasichana waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Magofu yake yapo mpaka leo. Serikali ya Unguja ilichelewa mno. Shule yake ya kwanza ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1927, na ili wazazi wakubali, ilibidi mabinti wafichwe njiani na ratiba ijazwe Kurani, mapishi na ushoni. Walimu wa mwanzo walikwenda nyumba kwa nyumba kuwasihi akina mama.

Tanganyika iliyopata uhuru 1961 ilirithi shule chache sana za sekondari za wasichana. Mabadiliko makubwa yalikuja na Azimio la Musoma la 1974 na Elimu ya Msingi kwa Wote iliyoanza kutekelezwa 1977. Kufikia miaka ya 1980 idadi ya wasichana na wavulana katika shule za msingi ilikuwa karibu sawa. Ada ya msingi ilirudi baadaye, ikafutwa tena 2001, na ya sekondari hadi kidato cha nne ikafutwa kuanzia 2016. Kinachomwangusha msichana leo kwa kawaida hutokea baada ya darasa la saba: umbali wa shule, kupanga chumba mtaani bila mtu mzima, na bodaboda wa kumpa lifti.

Na wasichana waliokuwa watumwa?

Historia ya usichana wa pwani isiyowataja ni historia ya nusu ya watoto. Wasichana waliouzwa Unguja walitoka mbali, wengi kutoka maeneo ya Ziwa Nyasa, na waliobaki visiwani waliingia majumbani: kuchota maji, kutwanga, kulea watoto wa bwana. Wengine walifanywa masuria, yaani wanawake wa bwana bila ndoa. Mtoto wa suria na bwana alizaliwa huru, na masultani kadhaa wa Unguja mama zao walikuwa masuria, Salme naye vilevile. Hilo halibadilishi ukweli kwamba mama hao waliuzwa wakiwa wasichana wadogo.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873. Hali ya utumwa kisheria ilifutwa 1897, lakini masuria walitengwa na amri hiyo, kwa hoja kwamba wao ni kama wake. Walisubiri hadi 1909. Miaka 12, kwa kuwa walikuwa wanawake.

Wasichana walicheza michezo gani?

Rede, mdako, kombolela, ukuti, kuruka kamba, na kibaba baba, yaani kupika mchanga katika vifuu vya nazi na kugawana nani awe mama na nani mtoto.

Rede inahitaji watu watatu tu. Wawili husimama wakitazamana, wakirushiana mpira wa soksi kuukuu uliojazwa matambara au mifuko ya plastiki. Wa tatu yupo katikati na chupa tupu. Anatakiwa kuijaza mchanga huku akikwepa mpira, kwa hiyo anachuchumaa, anateka konzi moja, anaruka, anarudi. Akiguswa ametoka. Chupa ikijaa kabla hajaguswa ameshinda, na hapo ugomvi huanza kama imejaa kweli au imejaa nusu. Watoto wengine wa kike walikuwa na mwili mwepesi kiasi kwamba ungeshangaa wanaambiwaje baadaye kuwa michezo ni ya wavulana.

Mdako huchezwa kwa kukaa: kishimo, kokoto, na jiwe moja linalorushwa juu. Unarusha, unazitoa kokoto kwa kiganja, unalidaka jiwe, unarusha tena na kuzirudisha zote isipokuwa moja. Ni mchezo wa msichana aliyeachiwa mdogo wake amwangalie, kwa kuwa unaweza kuchezwa mtoto akiwa mgongoni.

Ukitaka kujua usichana unakwisha lini katika mtaa wowote, tazama saa kumi na moja jioni ni nani anayeitwa nyumbani kwanza. Kaka yake hubaki uwanjani mpaka giza.

Sheria ya Tanzania inasemaje kuhusu umri wa kuolewa?

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13, imeweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na mahakama inaweza kuruhusu hata 14. Kifungu cha 17 kinataka ridhaa ya baba kwa msichana aliye chini ya 18. Tuseme ukweli, mwaka 1971 sheria hiyo ilikuwa ya mbele kwa mambo mengine, kama vile kumpa mke haki juu ya mali. Kwenye umri iliteleza.

Mwanasheria Rebeca Gyumi alifungua shauri, na Julai 2016 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo viwili vinakiuka Katiba. Serikali ikapewa mwaka mmoja virekebishwe. Badala yake Mwanasheria Mkuu alikata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Miaka kadhaa baada ya hukumu hiyo serikali ilikuwa bado inakusanya maoni.

Kuna mgongano ambao wazazi wengi hawaujui. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanamfunga miaka 30 mtu anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Kwa hiyo msichana wa miaka 16 aliye kidato cha pili analindwa vikali, lakini mwenzake wa umri huohuo aliyeshindwa mtihani wa darasa la saba anaruhusiwa kuolewa kwa mujibu wa vifungu vilevile vya 1971 ambavyo mahakama ilivikataa. Daftari ndilo linalomlinda msichana. Ndiyo sababu utasikia kisa cha mzazi kumwambia mtoto afanye vibaya mtihani makusudi.

Sheria ya 1971 haitumiki Zanzibar, ambako ndoa za Waislamu huangaliwa na Mahakama ya Kadhi. Kenya, kwa Sheria ya Ndoa ya 2014, imeweka miaka 18 kwa wote, dini zote na mila zote.

Msichana akipata mimba shuleni anaweza kurudi?

Tanzania Bara anaweza. Kwa miongo mingi alifukuzwa, na mwaka 2017 Rais wa wakati huo alitamka hadharani kwamba hatarudi. Novemba 2021 serikali ilitangaza kuondoa zuio hilo, na mwanafunzi akaruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi ndani ya miaka miwili baada ya kujifungua. Kenya imekuwa na sera ya kuwarudisha tangu 1994. Zanzibar iliwahi kuwa na sheria ya 1985 iliyoweza kumfunga jela mwanamke asiyeolewa aliyepata mimba. Ilibadilishwa mwaka 2005.

Kuruhusiwa na kurudi ni mambo mawili. Nani atabaki na mtoto? Nani atanunua maziwa? Je, mwalimu wa zamu atamwita mama fulani mbele ya mstari wa asubuhi? Mzazi anayetaka binti yake arudi kweli, aanze kujibu swali la kwanza kabla ya mtoto kuzaliwa, na ikibidi ampeleke shule nyingine ambako hajulikani. Zaidi ya hapo, asiruhusu ukoo umalizane na aliyempa mimba kwa mbuzi na laki mbili.

Binti yangu amevunja ungo. Nimwambie nini?

Mwambie siku hiyohiyo, kwa sauti ya kawaida, kwamba hakuumwa wala hakukosea. Mwonyeshe kwa mikono yako: pedi inawekwaje, inabadilishwa baada ya saa ngapi, inafungwaje kabla ya kutupwa. Kama mnatumia vitambaa, vioshwe kwa sabuni na vianikwe juani. Desturi ya kuvificha chini ya godoro vikiwa vibichi ndiyo inayoleta maradhi. Bibi zetu walikuwa na sodo zao za kitambaa, na walijua kuzianika pembeni mwa ua palipo na jua na pasipo na macho. Mpe kalenda aweke alama. Mwambie pia kwamba sasa anaweza kupata mimba, na umweleze inatokeaje, maana neno la zamani la “usicheze na wavulana” halimwelezi kitu.

Baba naye ana nafasi. Akitoa fedha ya pedi bila kuuliza kwa ukali ni ya nini, binti ameshafahamu kwamba nyumba hii ni salama.

Kuhusu bei: Kenya ilifuta kodi ya pedi mwaka 2004, na sheria yake ya 2017 inaitaka serikali iwape wanafunzi bure. Tanzania ilifuta kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018 kisha ikairudisha 2019, kwa hoja kwamba bei madukani haikushuka. Hoja ya bei ilikuwa ya kweli, ila dawa ilikuwa kuwabana wafanyabiashara. Badala yake gharama ilirudishwa kwa msichana wa Kilwa.

Singo na kitchen party ni sehemu ya unyago?

Singo ni ya harusi: asumini, waridi, kilua, liwa na karafuu, vikapondwa kwa marashi na bi harusi akasuguliwa siku kadhaa mpaka ngozi ikalainika. Kitchen party ilienea mijini kuanzia miaka ya 1990, na wengi wanaona ni unyago uliohamia ukumbini. Kilichohama ni zawadi na vijembe zaidi kuliko mafunzo. Kwa kuwa mhusika ni mwanamke mzima anayekaribia kuolewa, sina neno nayo.

Je, dada wa kazi naye ni msichana?

Ndiye anayesahauliwa kuliko wote, na mara nyingi na watu wanaopigania haki za watoto wa kike wakiwa kazini. Analetwa kutoka kijijini na shangazi wa mtu, anaambiwa atasomeshwa cherehani, na mwaka unakwisha. Anaamka kabla ya adhana ya alfajiri kuwachemshia chai watoto wa shule, ambao mmoja wao ni wa umri wake. Analala wa mwisho, sebuleni, baada ya wageni kuondoka.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na kazi za hatari au za usiku chini ya miaka 18. Ukiwa na msichana kwako, mlipe yeye mwenyewe na si shangazi, mpe siku ya kupumzika, mpe simu azungumze na mama yake bila wewe kusikiliza, na chumba chenye komeo la ndani. Hilo la komeo lisidharauliwe. Akiwa na miaka chini ya 14, mrudishe kwao na nauli, au mpeleke shule kama mwanao.

Wavulana je, hawakufundwa?

Walipelekwa jandoni, na huko nako kumefupishwa. Wengi sasa hutahiriwa hospitali asubuhi na kurudi nyumbani mchana bila neno lolote kuhusu heshima kwa wanawake. Nusu ya matatizo yaliyotajwa hapa hayataisha kwa kuwafunda wasichana peke yao.

Nataka kuandika maisha ya usichana ya bibi yangu. Niulize nini?

Usianze na “usichana wako ulikuwaje”. Atakujibu kwamba ulikuwa mzuri tu. Muulize vitu vinavyoshikika: kungwi wake aliitwa nani na alilipwa nini, alilala chumba gani alipokuwa mwari na nani alimletea chakula, kanga ya kwanza aliyopewa iliandikwaje, alifika darasa la ngapi na nani aliamua aache, siku ya posa alikuwa wapi, na nani alimwambia. Muulize pia rafiki zake walikuwa nani na waliishia wapi. Kwa hilo la mwisho utapata kisa kirefu kuliko yote.

Nenda naye polepole panapohusu ndoa ya utotoni au utumwa katika ukoo. Akinyamaza, usimsukume, rudi siku nyingine. Nyimbo za unyago muombe ruhusa kabla ya kuzirekodi, na usiziweke mtandaoni bila makungwi kukubali, kwa sababu alizipokea kwa sharti la siri. Andika majina ya mahali kama anavyoyataja yeye, hata kama ramani inasema vingine. Ukiwa Unguja, hifadhi ya nyaraka ya Kilimani ina kumbukumbu za elimu ya wasichana wakati wa ukoloni, na ukienda na jina la shule na miaka aliyosoma bibi yako, unaweza kukuta habari za shule yake humo.